DUCCIO WA SIENA: FUNDI ALIYENYIMWA PICHA YAKE

Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya watu walioshinda vita ao waliovumbua dawa na mashine. Mara hii tumechagua mtu wa namna ingine: fundi wa rangi, mwenye madeni, mtu wa kugombana na serikali ya mji wake, ambaye kazi yake moja kubwa sana ilipewa jina la mtu mwingine kwa miaka zaidi ya 300. Jina lake ni Duccio, mtoto wa Buoninsegna. Tunalisoma Ducho. Alikuwa mtu wa Siena, mji wa Italia, na alikufa miaka 700 na zaidi iliyopita.

Wamoja watauliza: sisi Waprotestanti, wenye kuzoea kanisa za kuta tupu, tunatafuta nini katika picha za Maria? Tunajibu ya kama hatutafuti kuabudu ubao. Tunatafuta kujua jambo moja. Kazi iko mbele ya macho, mwenye kuifanya amekwisha kufa, na hakuandika jina lake juu yake. Namna gani tutajua ni nani aliyeifanya? Na kama watu walimkosea, wakampa mwingine heshima yake, itarudi kwake kwa njia gani?

Siku ambayo Duccio alizaliwa haijulikani. Wenye kuchunguza wanakadiri kati ya mwaka wa 1255 na wa 1260. Siena wakati ule haikuwa mji mdogo wa kuchekwa. Ilikuwa na wafanya biashara wakubwa na wenye kukopesha feza mpaka Ufaransa na Uingereza, na ilikuwa na adui mmoja wa karibu: Firenze. Tarehe 4 Septemba 1260, pale Montaperti, jeshi la Siena lilipiga jeshi la Firenze vibaya sana. Watu wa Siena walisema ya kama ni Maria, mama ya Yesu, aliyewaokoa, juu walikuwa wamemtolea mji wao mbele ya vita. Tukumbuke neno hili, juu litarudi: picha ya Maria katika Siena haikuwa jambo la kanisa tu, ilikuwa sawa na bendera.

Duccio anaonekana mara ya kwanza katika vitabu vya feza vya mji mwaka wa 1278. Kazi gani? Kupaka rangi masanduku 12 ya kuwekea karatasi za serikali. Mwaka uliofuata wakamlipa juu ya kupamba jalada za mbao za vitabu vya hesabu. Njo vile fundi alivyoanza: hakuna aliyesema huyu ni mtu mkuu, walimwita sawa vile tunavyomwita fundi wa kupaka rangi madirisha.

Tena anaonekana kwa njia ingine isiyo nzuri. Mwaka wa 1280 serikali ya Siena ilimhukumu kulipa lira 100. Sababu haikuandikwa. Lira 100 ilikuwa feza mingi! Baadaye katika maisha yake, kwa kazi yake kubwa kuliko zote, alilipwa soldi 16 kwa siku, na lira moja ni soldi 20. Basi kwa mshahara ule hesabu inatupa siku 125 za kazi kwa kosa moja tu. Na haikuwa mara ya mwisho. Alihukumiwa tena na tena: juu ya madeni, juu ya kukataa kuapa mbele ya mkubwa wa raia, juu ya kukataa kwenda na wengine katika vita vya Maremma. Sisi tulio na kazi ya kuandika majina ya wachelewaji kila asubuhi tunamfahamu mtu wa namna hii. Lakini angalia: hata wakimhukumu, walirudi kumwita akamate kazi. Kumbe waliona mikono yake.

Mbele ya kuendelea tunapashwa kueleza kidogo namna picha hizi zilivyotengenezwa, juu bila hiyo mtu hawezi kufahamu shauri linalofuata. Hazikuchorwa juu ya nguo, zilichorwa juu ya mbao. Seremala aliunganisha mbao za mti laini uitwao poplari. Kiisha wakapaka gundi ya ngozi za nyama, mara mingi wakalaza juu yake kitambaa, wakapaka jasi nyeupe safu kwa safu, wakasugua mpaka ikawa laini sana. Mchoraji akachora mistari. Mahali pa zahabu wakapaka udongo mwekundu, wakalaza karatasi nyembamba sana za zahabu iliyopigwa kwa nyundo, wakaisugua kwa jiwe laini ao kwa jino la nyama mpaka ikawaka. Mwisho njo rangi, ambazo zilichanganywa na kiini cha yai. Rangi ya yai inakauka upesi, kwa hiyo mtu hawezi kuivuta-vuta juu ya ubao. Anapashwa kupiga mistari midogo-midogo, mmoja pembeni ya mwingine. Chini ya nyuso walipaka kwanza kijani, na njo maana nyuso za picha nyingi za zamani zinaonekana kijani leo: rangi ya ngozi imechakaa, ile ya chini imetokea.

Katika kazi yote hii fundi alisaidiwa na vijana wa kiwanda chake, na mara mingi picha ikatoka bila jina. Mwenye kuiagiza aliijua, majirani waliijua, ilitosha. Hawakuwaza watu wa miaka 600 mbele.

Sasa tufike mwaka wa 1285. Katika Firenze, mji ule ule wa adui, kulikuwa kanisa kubwa la watawa Wadominiko, Santa Maria Novella. Ndani yake kulikuwa chama cha watu wa kawaida, si watawa, ambao walikutana kuimba nyimbo za sifa kwa Maria. Waliitwa Laudesi. Chama hiki kilitaka picha kubwa ya Maria na mtoto. Firenze haikukosa wachoraji. Cimabue, mwenye sifa kubwa, alikuwa mtu wa pale pale. Lakini wao wakamwita Duccio wa Siena! Tarehe 15 Aprili 1285 mapatano yaliandikwa mbele ya mwandishi wa serikali, kwa Kilatini.

Mapatano yale ni makali, na tunapenda kuyaeleza kwa maneno yetu. Chama kitatoa ubao uliokwisha kutengenezwa. Duccio atachora Maria na mtoto wake na watu wengine kwa kadiri chama kitakavyotaka, na bei ni lira 150. Zahabu na rangi atanunua yeye mwenyewe. Mpaka kazi imalizike hana ruhusa ya kukamata kazi ingine. Na kama picha haiwapendezi, hawatalipa kitu, ubao utabaki kwake. Wazeni: mtu mgeni, katika mji uliopigwa na mji wake miaka 25 tu iliyopita, ananunua zahabu kwa feza yake, na hana hakika atalipwa! Sisi tunaona ya kama ni mtu mwenye kujua kazi yake, ao mwenye madeni sana. Labda yote mawili.

Picha ambayo tunaizungumzia hapa ni ubao wa mita 4 na nusu kwenda juu na karibu mita 2,90 kwa upana. Maria ameketi juu ya kiti cha mti kilichokatwa vizuri sana, ana nguo ya buluu, mtoto yuko juu ya magoti yake na ananyosha mkono kubariki. Malaika sita wamepiga magoti, watatu huku na watatu huku, mmoja juu ya mwingine, ndani ya zahabu, hawakanyagi kitu. Wanashika kiti sawa wanaoteremsha kitu cha kuvunjika. Pembeni kwenyi kizingo mna duara 30 ndogo zenye picha za watakatifu. Na kitu ambacho jicho linafuata bila kuchoka ni uzi wa zahabu wa pindo la nguo: unashuka kutoka kichwa, unajipinda, unarudi, unapita juu ya goti, unakwenda mpaka mguu, sawa njia ya mto ukiuona toka juu ya mlima. Hauendi pale kwa kupamba tu. Unaonyesha kama chini ya nguo kuna mwili wa mtu.

Kiisha Duccio akarudi Siena. Mwaka wa 1287 na 1288 kanisa kubwa la Siena lilitengeneza dirisha la duara la vioo vya rangi, la mita zaidi ya 5. Vitabu vya matumizi vinasema juu ya vioo, jina la mwenye kuchora halimo. Hapa pia wachunguzi wamegawanyika, wamoja wanasema Cimabue, wengi wanasema Duccio. Tunaona vile majina haya mawili yalivyofuatana.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilianza mwaka wa 1308. Tarehe 9 Oktoba wakubwa wa ujenzi wa kanisa la Siena waliandikiana naye juu ya picha ya kuwekwa juu ya altare. Mara hii vitu vyote, zahabu na rangi, vingetoka kwa kanisa. Yeye atatoa mikono yake tu, kwa soldi 16 kila siku ya kazi. Siku asipofanya kazi, itatoshwa katika mshahara. Wakubwa wa Siena walimfahamu vizuri, tunaona. Picha hiyo inaitwa Maestà. Mbele ni Maria katika kiti cha marumaru, na malaika na watakatifu wengi wamemzunguka. Watakatifu wanne wenye kulinda mji wamepiga magoti. Nyuma, upande wa mapadri, ni mateso ya Yesu kipande kwa kipande, toka kuingia Yerusalema mpaka njia ya Emau. Petro anaota moto na kukana Bwana wake, na ghorofani, wakati ule ule, Yesu yuko mbele ya kuhani mkubwa. Ngazi inaunganisha mambo hayo mawili. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufuata Injili yote pale.

Tarehe 9 Juni 1311 ubao ulitoshwa katika kiwanda cha Duccio, karibu na mlango wa Stalloreggi, na mji wote ukausindikiza mpaka kanisani. Maduka yalifungwa. Askofu, mapadri, wakubwa Tisa wa serikali, kiisha raia, wanawake na watoto, kila mtu na mshumaa. Wakazunguka kiwanja kikubwa cha mji, kengele zikalia, na vitabu vinaonyesha kama wapiga tarumbeta na ngoma walilipwa. Na chini ya kiti cha Maria, mara hii, jina liko! Kwa Kilatini, Duccio anaomba Maria aupatie mji wa Siena amani, na yeye mwenyewe uzima, kwa kuwa amemchora namna hiyo. Mtu aliyehukumiwa mara mingi na Siena ameandika jina lake pamoja na jina la Siena.

Alikufa miaka saba ao nane baadaye. Mwaka wa 1319 mjane wake Taviana na watoto wake saba walikwenda mbele ya sheria kukataa uriti wake, juu kuupokea kungekuwa kupokea madeni. Basi hakuacha feza. Aliacha mbao tu.

Hapa mtu angeweza kumaliza. Lakini maisha ya mtu wa namna hii hayaishi kaburini.

Mwaka wa 1550 mchoraji mmoja, Giorgio Vasari, aliyekuwa akitumikia wakubwa wa Firenze, alichapa kitabu kikubwa cha maisha ya wachoraji wa Italia. Akakichapa tena mwaka wa 1568, kikiwa kimeongezwa. Katika kitabu hiki uchoraji mupya unaanza kwa mtu mmoja, Cimabue wa Firenze, na baada yake Giotto, wa Firenze pia. Na picha kubwa ya Santa Maria Novella? Vasari akasema ni ya Cimabue. Aliongeza masimulizi mazuri: ya kama mfalme Charles wa Anjou, akipita Firenze, alipelekwa kuiona picha hiyo ingali katika kiwanda, na raia wakaichukua kwa tarumbeta na furaha toka nyumba ya Cimabue mpaka kanisani. Na Duccio je? Alimwandikia kurasa chache. Akamsifu juu ya sakafu ya marumaru ya kanisa la Siena, ambayo si kazi yake hata kidogo. Juu ya Maestà akasema alitafuta kujua iko wapi, asipate. Lakini Maestà ilikuwa katika kanisa lile lile la Siena. Mwaka wa 1506 walikuwa wameitosha juu ya altare kubwa na kuiweka pembeni.

Wamoja wanasema Vasari aliiba kwa makusudi juu ya kusifu Firenze. Sisi hatuoni hivyo. Picha iko Firenze, katika kanisa la Firenze, haina jina. Cimabue njo jina kubwa la wakati ule, hata Dante alikuwa amemtaja katika mashairi yake. Na kweli, Duccio katika ujana wake alichora kwa njia ya karibu na ya Cimabue. Mtu anaweza kupotea. Lakini kosa la mwenye kitabu si sawa na kosa la mwenye mdomo tu: kitabu kilisomwa na wote, na kila mwandishi aliyefuata akarudilia. Mwaka wa 1855, kule London, kijana Frederic Leighton alionyesha picha kubwa sana ya yale maandamano ya Cimabue, yeye akitangulia na taji la majani kichwani. Malkia Victoria aliinunua mara moja. Basi ubao wa Duccio ulichorwa ukipelekwa kwa maandamano, na mwingine ndiye aliyevaa taji!

Wakati huo karatasi ya 1285 haikupotea. Mwishoni mwa miaka ya 1700 mtawa mmoja Mdominiko alikuwa amekwisha kuichapa, na mwaka wa 1854 Gaetano Milanesi, mtu wa Siena, akaichapa tena kati ya karatasi za zamani za mji wake. Lakini picha iliendelea kuitwa ya Cimabue, juu mapatano hayasemi ni ubao gani. Yanasema ubao mkubwa tu. Mtu aliweza kujibu: labda Duccio alichora mwingine uliopotea, ao hakumaliza kabisa.

Mwaka wa 1889 Franz Wickhoff, mwalimu wa Wien kule Austria, alisema waziwazi: ubao wa mapatano njo huu tunaouona, na huu si wa Cimabue. Mabishano yakawaka kwa miaka mingi. Watu wa Firenze hawakupenda kunyanganywa baba yao. Wengine walitafuta njia ya katikati, ambayo sisi tunaiona ya ajabu: wakasema si ya Cimabue, si ya Duccio, ni ya mtu wa tatu, na wakamtungia jina, Bwana wa Madonna Rucellai, kwa sababu picha ilikaa muda mrefu katika sehemu ya kanisa ya ukoo wa Rucellai. Mtu mwenye mapatano ya kuandikwa anakosa picha, na mtu asiyekuwako duniani anapewa!

Namna gani shauri lilikatwa? Kwa macho na karatasi pamoja. Karatasi inasema: mwaka huu, kanisa hili, chama hiki, ubao mkubwa, Duccio. Haitoshi, tumeona. Basi macho yanapashwa kwenda Siena. Pale kuna ubao mdogo sana wa Duccio, usiofika urefu wa rula yetu ya kelasi, wenye watawa watatu waliopiga magoti mbele ya Maria. Uzi wa zahabu uko pale, unatembea namna ile ile. Duara za mwanga kwenyi vichwa zimechorwa kwa mkono huru. Kiisha macho yanakwenda kwa Maestà, yenye jina, na yanaona namna ile ile ya kushika vidole, ya kuinamisha shingo, ya kufanya nguo iteremke pole. Mwisho yanakwenda kwa picha ya Cimabue aliyochorea kanisa la Santa Trinita: pale malaika wamesimama kwa nguvu, nyuso ni kali, mikunjo ya nguo ni mistari ya zahabu iliyonyoka sawa nyuzi za kinanda. Ni mkono mwingine. Tena kuna hesabu ya miaka: mfalme Charles alikufa Januari 1285, na mapatano ni ya Aprili. Asingeweza kuitembelea picha ambayo haikuwa imeagizwa.

Katika miaka iliyofuata karibu wote walikubali. Mwaka wa 1948 ubao ulipelekwa katika nyumba ya makumbusho ya Uffizi, pale pale Firenze. Mwaka wa 1989 walimaliza kuusafisha, wakatosha rangi ya giza ambayo watu wa baadaye walipaka juu ya nguo ya Maria, na buluu ya kwanza ikatokea. Leo uko katika chumba kimoja na Maria wa Cimabue na Maria wa Giotto. Watu wa Firenze wenyewe wanaandika chini yake: Duccio di Buoninsegna.

Msizani mambo haya ni ya Wazungu tu. Njia hiyo ya kulinganisha vidole na masikio na kope, ambayo Mwitalia Giovanni Morelli aliifundisha sana, ilifika kwetu Kongo. Mbelgiji Frans Olbrechts alichungua vitu vya mti vilivyochukuliwa huku kwetu na kuwekwa katika makumbusho ya Ulaya, ambavyo viliandikwa jina la kabila tu, sawa kama kabila lina mikono. Akaona viti na sanamu kadhaa vya Kiluba vyenye uso mrefu, wenye huzuni, mikono mikubwa, na akasema: hivi ni vya mtu mmoja. Wakamwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji. Baadaye wachunguzi walisikia kwa wazee jina, Ngongo ya Chintu. Yeye hana mapatano ya Kilatini. Ana mikono yake tu, na masikio ya wazee. Tungependa mtu wa Kalemie ao wa Kongolo atuandikie juu yake katika toleo lingine.

Turudi kwa Duccio, juu bado neno moja la Maestà. Mwaka wa 1771 watu wa Siena walifanya kitu kibaya. Waliukata ubao kwa msumeno, mbele wakaitenga na nyuma, msumeno ukapotea njia ukaumiza uso wa Maria. Vipande vidogo vikauzwa. Sehemu kubwa iko katika makumbusho ya kanisa la Siena tangu 1878, lakini kuponywa kwa kipofu kuko London, mwanamke Msamaria yuko Madrid, Lazaro anatoka kaburini katika Fort Worth kule Marekani, Petro na Andrea wanaitwa katika Washington, na Shetani anafukuzwa mlimani katika New York. Injili moja imetawanyika mabara mawili.

Na jina ambalo zamani lilinyimwa ubao sasa linaleta feza za kutisha. Mwaka wa 2004 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalinunua Maria mdogo wa Duccio, ubao wa karibu santimeta 28 kwa 21, na magazeti yalisema bei ilipita dola milioni 45. Chini ya kizingo chake mna alama za moto wa mishumaa ya watu walioomba mbele yake. Mwaka wa 2006 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Columbia, James Beck, akasimama kusema si wa Duccio, ni kazi ya miaka ya 1800. Wataalamu wa makumbusho walimpinga, na wengi wamebaki upande wao. Lakini tunaona vizuri kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Ubao huo hauna mapatano, hauna jina. Uko mikononi mwa macho tu.

Kuanzia Oktoba 2024 mpaka Januari 2025 huko New York, na kiisha kuanzia Machi mpaka Juni 2025 huko London, walikusanya vipande vilivyotawanyika vya chini ya Maestà, upande wa nyuma, wakavipanga mstari mmoja kwa mara ya kwanza tangu msumeno. Majaribu, kuitwa kwa Petro na Andrea, Kana, Msamaria, kipofu, kugeuka sura mlimani, Lazaro. Watu walipita mbele yake pole-pole toka kushoto kwenda kuume, sawa mtu anayesoma. Kiisha vikafungwa katika masanduku, kila kimoja kikarudi katika mji wake.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita